Mwami Hatawali Peke Yake

Katika vikao vya hapa Goma, mashariki mwa Kongo, uwe mkutano wa amani, uwe msiba, uwe ugawaji wa msaada kwa wakimbizi wa ndani, kuna jambo ninaloliona tena na tena. Mtu wa protokoli anasoma majina ya wageni wa heshima kutoka wilaya za Masisi na Walikale. Anasimama mwami, chifu wa kimila, wa grupema fulani, yaani ule mkusanyiko wa vijiji ulio chini ya sekta au sheferi, na watu wanampigia makofi. Haupiti muda, anasimama mwami mwingine wa grupema ileile. Ukumbi unanyamaza. Wote wawili wana muhuri, wote wawili wana karatasi mkobani, na wote wawili ni wajukuu wa babu mmoja.

Jaribu kuwauliza waliokaa karibu nawe: mama yake mwami huyu ni nani? Shangazi aliyesimama naye siku ya kutawazwa ni yupi? Mkuu wa bakungu, wale wazee wa baraza la mila, ni nani? Watakujibu kwa kubahatisha. Jina la aliyekalia kiti linajulikana, na jina la anayekigombea linajulikana. Waliobaki wa nyumba hiyo hawatajwi.

Ninasema wazi kwamba chanzo cha magomvi haya si wingi wa watoto wa bami, yaani hao kina mwami. Ukoo wa kutawala ulikuwa na watoto wengi tangu zamani. Chanzo ni kwamba katika vyeo vyote vya nyumba ya mwami, Serikali imekitambua kimoja tu, nasi wananchi tukaifuata. Vyeo vingine tumeviacha vife. Na ndivyo vilivyokuwa vikimweka mwami mahali pake, na ndugu zake mahali pao.

Nyumba ilivyopangwa

Kwa Wanyanga wa Walikale, kiti hakikwenda moja kwa moja kwa mtoto wa kwanza, wala kwa mtoto wa mke anayependwa. Kilikwenda kwa mtoto wa mumbo, mke wa kimila anayeolewa kwa taratibu za utawala. Mwami angeweza kuwa na wake wengine, akawapenda na kuzaa nao wana hodari, lakini wana hao walijua tangu utotoni kwamba njia yao ni nyingine. Mara nyingi walipewa kijiji cha kusimamia au kazi ya heshima barazani. Hawakuitwa walioshindwa, kwa sababu hapakuwa na mashindano.

Bakungu ndio waliojua siri za kutawaza. Katika desturi nyingi za nchi hizi za maziwa, toka Rwanda hadi Bushi, ilisemwa kwamba mrithi huzaliwa akiwa ameshika mbegu mkononi. Msomaji wa leo anaweza kutabasamu. Lakini ajiulize: nani aliyeshuhudia mbegu hizo? Ni wazee na wanawake waliokuwapo wakati wa kuzaliwa. Maana yake ni kwamba mwami hakuweza kujitangaza mwenyewe, na baba yake hakuweza kumtangaza peke yake. Palihitajika kinywa cha watu wengine wenye cheo chao wenyewe, wasioweza kukalia kile kiti. Penye wazee haliharibiki neno, na wazee waliosemwa hapo walikuwa na kazi maalumu.

Anayetaka kuona mpango huu ukifanya kazi aisome hadithi ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, Mnyanga, aliisimulia kwa siku kumi na mbili mbele ya waandishi, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, naye Mnyanga, wakaichapisha kama kitabu. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anakataza wake zake wasizae watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, na baba anajaribu kumuua: anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anarudi na nguvu za kutisha, na baba anakimbilia chini ya ardhi.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika hadithi nzima. Mwindo anapomrudisha baba yake, hamchinji. Linaitishwa baraza, na shangazi, Iyangura, dada yake Shemwindo, ndiye anayemsema ndugu yake hadharani kwa kubagua watoto. Anaweza kusema hivyo kwa sababu cheo chake hakikutoka kwa ndugu yake. Hana haja ya kiti, na damu yake ni ileile. Bila shangazi huyo, Tubondo ingebaki na vita vya baba na mwana visivyo na mwisho. Wanyanga waliisimulia hadithi hii kwa watoto wao kwa vizazi, nami naamini hawakufanya hivyo kwa burudani tu.

Karatasi ya jina moja

Wabelgiji walipofika walitaka mtu mmoja wa kumwamuru. Dikri ya 1910 iliigawa nchi katika sheferi, yaani maeneo ya machifu, na kila chifu aliyekubaliwa na utawala akavishwa nishani. Dikri ya 1933 ikaanzisha sekta, mahali ambapo machifu wadogo wengi walikusanywa chini ya kiongozi mmoja. Alama yake iko mpaka leo. Masisi ina sheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale yote ni sekta mbili, Wanianga na Bakano, ingawa imejaa bami ambao mababu zao hawakuwahi kumtumikia mfalme mkubwa yeyote. Kwa Wanyanga kila mwami alikuwa na nchi yake ndogo.

Nishani haikuvishwa shangazi. Haikuvishwa mama, wala mzee wa bakungu. Ilivishwa mtu mmoja, na pamoja nayo ukaja mshahara, ukaja uwezo wa kukusanya kodi, ukaja ulinzi wa askari. Tangu siku hiyo ndugu aliyeridhika na kijiji chake aliona kwamba kumbe kuna cheo kimoja chenye faida na vingine vyenye heshima ya maneno matupu. Nani angebaki ameridhika?

Tena utawala huo huo ulionyesha kwamba chifu anaweza kutengenezwa ofisini. Katika miaka ya 1930 sehemu ya nchi ya Bahunde ilikatwa, ikawa Gishari, makazi ya wahamiaji walioletwa kutoka Rwanda, nayo ikawekewa chifu wake. Mwaka 1957 Gishari ikafutwa kwa karatasi kama ilivyoundwa kwa karatasi. Wahunde walihisi wameporwa ardhi mwanzoni. Wahamiaji na watoto wao walihisi wameachwa bila mkubwa wao mwishoni. Machungu yote mawili ni ya kweli, na hayafutani. Machi 1993, mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, Walikale, kisha yakaenea Masisi, swali la nani anaweza kuwa chifu wa nani lilikuwa miongoni mwa maswali yaliyokuwa yamekaa muda mrefu bila jibu.

Uhuru haukubadili desturi ya karatasi. Mwaka 1973 Serikali ya Mobutu ilijaribu kuwageuza machifu kuwa watumishi wa kuhamishwa huku na huku, na jaribio hilo likashindwa. Katiba ya 2006, ibara ya 207, inatambua mamlaka ya kimila na kusema yatolewe kwa kufuata mila ya mahali, mradi isipingane na sheria. Sheria ya 25 Agosti 2015 kuhusu machifu wa kimila ilikuja baadaye kueleza hadhi yao. Ni maandishi mazuri. Lakini barua ya utambuzi inapotoka ofisini ina jina moja, na mwenye jina hilo akishaipata, hana sababu ya kumwuliza mkungu yeyote kitu.

Anayelipa ni nani?

Fikiria familia ya wakulima karibu na Nyabiondo, Masisi, yenye shamba la maharagwe na viazi. Baba alilipata shamba kwa chifu kwa mbuzi na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, na siku zilipobadilika akaongeza pesa, akapewa fishi, yaani hati, yenye muhuri. Chifu akafariki. Wanawe wawili wanagombana. Wa kwanza anasema fishi ya zamani imekufa na aliyeitia saini, njoo uilipie upya. Wa pili anasema ndugu yake si mwami, usimpe kitu, nilipe mimi. Familia inawalipa wote wawili ili ilale usingizi. Mwaka unaofuata anatokea mfugaji mwenye karatasi ya shamba lilelile, aliyouziwa na mmoja wa hao wawili. Naye hakuiba. Alilipa pesa zake zote kwa mtu aliyejiita mwami na mwenye muhuri wa mwami.

Waende mahakamani? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, ikaahidi agizo la rais la kueleza haki za wanaoishi katika ardhi za kimila. Agizo hilo halijatoka hadi leo. Hakimu anauliza barua ya chifu, na barua ziko mbili.

Hapo sijataja salongo, siku ya kazi ya bure ambayo mahali pengine hufanyika katika shamba la chifu, wala sijataja makundi ya silaha. Kila upande wa ugomvi wa kiti unatafuta kijana mwenye bunduki wa kuusindikiza. Kijana huyo naye anataka kula. Ndipo zinapokuja jetoni, risiti za kodi ya kila mwezi, ndipo inapokuja lala salama, ile kodi mtu anayotozwa ili asivamiwe usiku na huyohuyo anayemtoza. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Masisi nyasi hizo ni watoto waliotolewa shuleni kwa sababu pesa ya minervali, yaani karo, imekwenda kwa mabwana wawili.

Walikale mambo ni makubwa zaidi, kwa sababu chini ya ardhi kuna bati. Kasiteriti (mawe ya bati) ya Bisie ilipoanza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia mbili, Bangandula na Bananguma, kila moja ilidai kuwa kilima ni cha mababu zake. Wachimbaji, wafanyabiashara na wanajeshi walijua watumie upande upi na wakati upi. Sasa Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa sekta au sheferi yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Ni jambo jema kwa vijiji. Lakini linaongeza thamani ya ile karatasi ya jina moja. Mtoto wa ukoo aliyekuwa akigombea heshima ya babu yake sasa anagombea hazina.

Na vita vya 2025 vimeyachafua mambo zaidi. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Januari, Walikale-centre ikashikwa kwa muda mwezi Machi. Mji unapobadili mikono, chifu aliyekimbia anabaki na muhuri wake kambini, na anayewekwa mahali pake anachonga muhuri mpya. Mwananchi anayerudi shambani kwake atamwonyesha nani fishi yake?

Majirani wamefanyaje

Buganda, nchini Uganda, ilifutiwa ufalme mwaka 1967 na kurudishiwa mwaka 1993. Ronald Mutebi alipotawazwa kuwa Kabaka, yaani mfalme, tarehe 31 Julai mwaka huo, hakurudi peke yake. Vilirudi na vyeo vingine. Katikkiro anaendesha serikali ya ufalme. Namasole ni mama wa Kabaka, mwenye heshima na makao yake. Nnaalinnya Lubuga, dada wa kimila, hutawazwa pamoja na Kabaka. Ssaabalangira anawaongoza wana wa kifalme wote. Na cheo kinachonivutia kuliko vyote ni Kiweewa, kifungua mimba wa kiume wa Kabaka: kwa desturi hawezi kurithi kiti. Kazi yake ni kuwaangalia ndugu zake. Hebu ona hekima iliyomo. Mtu ambaye angekuwa tishio kubwa kuliko wote, kaka mkubwa, anapewa cheo kinachomtoa katika ugomvi na kumkabidhi ulezi wa familia.

Rwanda ya zamani ilikuwa na abiru, walinzi wa siri za ufalme. Julai 1959, Mutara Rudahigwa alipokufa ghafla bila mtoto, ni katika mazishi yake mwenyewe ndipo mrithi, Kigeli Ndahindurwa, alipotangazwa kwa kinywa cha mwakilishi wa abiru. Tunajua ufalme huo uliishia wapi, na sikusudii kuutamani. Ninaloonyesha ni kwamba aliyemtaja mfalme hakuwa mfalme.

Hata Ulaya, tunakodhani vyeo vya kifalme ni mapambo ya harusi, wanaviandika na kuvipunguza hadharani. Mwaka 1917 mfalme George V wa Uingereza alitoa hati iliyosema ni watoto na wajukuu wepi wataitwa wana wa mfalme, na mstari huo ukiisha, umeisha. Denmark, Malkia Margrethe II aliamua kwamba kuanzia 1 Januari 2023 watoto wanne wa mwanawe wa pili wasiitwe tena wana wa mfalme. Waliumia, na baba yao alisema hivyo waziwazi. Lakini hakuna mkulima wa Denmark aliyelipa kodi mara mbili kwa sababu ya uchungu huo. Orodha ilikuwapo, na kila mtu aliweza kuisoma.

Wanawake wa nyumba hiyo

Nikizungumzia jambo hili, wanaume wengi hunijibu kwamba mila yetu haina nafasi ya mwanamke katika utawala. Si kweli. Iyangura anawapinga. Mumbo anawapinga, kwa kuwa bila yeye hapakuwa na mrithi. Na Luhwinja, Kivu Kusini, wakati mrithi wa mwami ni mtoto, Mwamikazi (mke wa mwami) Espérance M'Baharanyi alishika sheferi, katika nchi yenye dhahabu na kampuni kubwa ya uchimbaji. Alipingwa, tena na watu wa ukoo huohuo. Lakini kwamba mama anaweza kulinda kiti hadi mtoto akue si jambo lililoletwa na mashirika ya haki za wanawake. Lilikuwapo.

Wanaofaidika na kusahaulika kwa vyeo hivi ni wanaume wachache wa kila ukoo, wale wenye nauli ya kwenda Kinshasa kufuatilia faili wizarani. Shangazi wa Katoyi hana nauli hiyo.

Je, tuwafute bami?

Wapo wasomi, wengine marafiki zangu, wanaosema dawa ni moja: tuwaondoe. Tanganyika, Tanzania Bara ya leo, iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, chini ya Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, na nchi ikatulia. Nawaheshimu kwa hoja hiyo. Lakini Tanzania iliondoa machifu ikiwa tayari kuweka mtu mahali pao. Katika misitu ya Waloa au milima ya Bashali, ukimtoa mwami leo, nafasi yake kesho itachukuliwa na kamanda.

Nakubaliana nao katika jambo moja zito: kiti cha ukoo hakiwezi kuwa kiti cha wananchi wote. Mtu ambaye babu yake aliletwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu hawezi kuwa mwami wa Bahunde, kwa kuwa hicho ni cheo cha ukoo. Lakini barabara, kodi ya soko na mpaka wa shamba si mali ya ukoo. Ni haki ya kila anayeishi hapo, awe Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mkano, Mhutu au Mtutsi. Sheria ya 2008 kuhusu mamlaka za serikali za mitaa imeweka baraza la kuchaguliwa katika kila sekta na kila sheferi. Uchaguzi wa mabaraza hayo haujafanyika. Kwa hiyo mwami amebebeshwa kazi mbili, ya ukoo na ya wananchi wote, bila bakungu wa kumshika mkono upande mmoja na bila madiwani wa kumkagua upande wa pili. Hata mwami mwema, na wapo, nimewaona wakisuluhisha mambo ambayo wanajeshi walishindwa, hawezi kubeba mzigo huo peke yake.

Kinachowezekana sasa

Familia za kutawala zisingoje vita viishe. Zikutane, hata kama ni Goma, hata kama ni kambini, ziandike mti wa ukoo wao: nani ni mwami, mama yake ni nani, nani wanaitwa wana wa ukoo na mstari wa nani umeishia, shangazi ni nani, mkuu wa bakungu ni nani, nani atalinda kiti mwami akifa na mtoto ni mdogo. Waitie saini wote, wanaume kwa wanawake, pamoja na yule ndugu anayenung'unika. Hasa yeye. Nakala moja ikae parokiani au kanisani, nyingine kwa msimamizi wa wilaya, nyingine Kinshasa. Na kaka anayekosa kiti apewe kazi ya kweli yenye jina, kama Kiweewa alivyopewa.

Wizara ya Mambo ya Ndani nayo ina tume ya ushauri ya kusuluhisha migogoro ya kimila. Isikubali tena faili lenye jina moja na saini ya mwenye jina hilo. Idai majina ya baraza lililomtawaza, na iwaite wazee hao wazungumze kwa midomo yao. Serikali nayo iitishe uchaguzi wa mabaraza ya sekta na sheferi mara usalama utakaporuhusu, kwa kuwa imeshachelewa tangu 2008.

Nawe msomaji wa Masisi au Walikale, kabla hujatoa mbuzi wako au dola zako kwa mtu aliyekuonyesha muhuri, mwombe akutajie bakungu waliomtawaza, kisha uende ukawaulize wao.